Pittsburgh: Meya, Matajiri na Waliokosa Kiti

Ushirikiano kati ya serikali za mitaa na wafanyabiashara wakubwa wakati wa mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho uzalishaji hushuka, ajira hupungua na mapato ya kodi hunywea kwa pamoja, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni suala la nia njema, na kwamba viongozi wakikubali kukaa pamoja na kuweka tofauti zao kando, mengine yatajipanga yenyewe. Historia ya Pittsburgh, jiji la viwanda lililoko magharibi mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, inalitia shaka wazo hilo. Katika jiji hilo ushirikiano wa aina hiyo ulifaulu kwa kiwango cha kustaajabisha kwa kizazi kimoja, kisha ukafaulu nusunusu katika kizazi kilichofuata, na kilichobadilika katikati hakikuwa wema wa viongozi. Kilichobadilika ni nani kati yao alikuwa na njia ya kuondoka.

Pittsburgh imejengwa mahali ambapo mito miwili, Allegheny na Monongahela, hukutana na kuwa mto Ohio, na kwa muda wa karibu karne moja kingo za mito hiyo zilipangwa matanuru ya kuyeyushia chuma yaliyolishwa kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa katika milima ya jirani. Utajiri huo ulikuwa na gharama iliyoonekana kwa macho. Katika miaka ya 1940 moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba kulikuwa na siku ambazo taa za barabarani ziliwashwa saa sita mchana, na katika mafuriko ya Machi 1936 maji yalipanda hadi futi 46, karibu mita 14, yakafunika sehemu kubwa ya katikati ya jiji. Mdororo mkuu wa miaka ya 1930 ulikuwa umeacha majengo yakichakaa bila mwekezaji wa kuyagusa, na ingawa Vita Kuu ya Pili ilivirudishia viwanda kazi, baadhi ya makampuni makubwa yalianza kufikiria kuhamishia makao yao makuu kwenye miji ambako watumishi wao wa ofisini wangeweza kupumua.

Katika hali hiyo walikutana watu wawili ambao kwa mujibu wa siasa za Marekani hawakupaswa kuelewana. David Lawrence, aliyezaliwa mwaka 1889 katika familia ya wafanyakazi wenye asili ya Ireland, alikuwa kigogo wa chama cha Democrat aliyeijua kila kata na kila mjumbe, na aliingia ofisi ya meya Januari 1946, akashinda uchaguzi mara nne kabla ya kuwa gavana wa jimbo mwaka 1959. Richard King Mellon alikuwa mfuasi wa chama cha Republican na mrithi wa ukoo uliomiliki Mellon Bank pamoja na sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya mafuta ya Gulf, kampuni ya aluminiamu ya Alcoa na nyinginezo. Baba yake mkubwa alikuwa Andrew Mellon, aliyekuwa waziri wa fedha wa Marekani tangu 1921 hadi 1932. Chombo kilichowakutanisha kiliitwa Allegheny Conference, baraza la wakuu wa makampuni lililoundwa katika miaka ya 1943 na 1944, likiajiri wataalamu wake wa mipango na kuandaa miradi ambayo serikali ya jiji ingeipitisha kisheria.

Msomaji wa Tanzania anaweza kulifananisha baraza hilo na Baraza la Biashara la Mkoa, lakini mfanano huo una mpaka wake, kwa kuwa katika mabaraza ya Tanzania mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa na wafanyabiashara huitwa kuja kueleza kero zao, ilhali Pittsburgh kiti kilikuwa cha wafanyabiashara na serikali ndiyo iliyopelekewa ajenda. Tena hawakuruhusiwa kutuma wasaidizi. Ilikuwa ni desturi kwamba mkuu wa kampuni mwenyewe ndiye ahudhurie vikao vya kamati tendaji, ili likikubaliwa jambo asiwepo wa kusema kwamba analipeleka kwanza kwa bosi.

Namna mapatano hayo yalivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo penye siri yote. Lawrence alikuwa na kura na alikuwa na sheria. Kupitia Mamlaka ya Uendelezaji Upya wa Jiji, iliyoundwa mwaka 1946 na ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, jiji lilikuwa na mamlaka ya kutwaa ardhi, yaani uwezo wa dola kuchukua mali ya mtu binafsi kwa manufaa ya umma baada ya kumlipa fidia, hata kama mwenyewe hataki kuuza. Mamlaka hiyo bila fedha haiwezi kitu. Mellon na wenzake walikuwa na mitaji, au walijua ilipo, na ndipo kampuni ya bima ya maisha ya Equitable ya New York ilipokubali mwaka 1950 kujenga majengo ya ofisi ya Gateway Center mahali palipokuwa na maghala na yadi za reli. Mellon alikuwa pia na kitu ambacho meya wa Democrat hakuweza kukinunua, nacho ni usikivu wa wabunge wa Republican katika bunge la jimbo mjini Harrisburg. Sheria ya kudhibiti moshi ilipotakiwa kupanuliwa kutoka jijini hadi kaunti nzima mwaka 1947, kampuni ya reli ya Pennsylvania, ambayo vichwa vyake vya treni viliunguza makaa mengi, iliipinga, na ni shinikizo la Mellon lililoufanya upinzani huo ulegee.

Lawrence naye alilipa gharama yake. Amri ya kuzuia moshi ilipoanza kutekelezwa majumbani mwaka 1947, walioumia kwanza walikuwa watu wa kipato cha chini waliopikia na kuota moto kwa makaa ya bei nafuu, nao ndio waliokuwa wapigakura wake. Ni vigumu kumpata meya wa zama hizi, popote pale, ambaye angekubali kuwatia hasara watu wake mwenyewe katika miaka ya mwanzo ya utawala kwa manufaa yatakayoonekana baada ya miaka kadhaa. Lakini moshi ulipungua kweli.

Wanahistoria hupenda kuzieleza sifa za watu hao wawili, na sifa walikuwa nazo. Hata hivyo maelezo yaliyo imara zaidi yamo katika aina ya mali aliyokuwa nayo Mellon. Benki yake iliishi kwa amana na mikopo ya eneo hilo, thamani ya majengo na viwanja ilikuwa ni dhamana ya mikopo hiyo, na makampuni ambayo ukoo wake uliyashikilia yalikuwa na ofisi zao kuu umbali wa kutembea kwa miguu kutoka dirishani kwake. Angeweza kuhama yeye na familia yake, lakini utajiri wake usingehama bila kupoteza sehemu kubwa ya thamani. Alipokuwa akiliokoa jiji alikuwa akiliokoa daftari lake la hesabu, na hakuna ubaya katika hilo: maslahi ya namna hiyo ni nguzo imara kuliko uzalendo wa kwenye hotuba.

Kulikuwa na watu ambao hawakuwa na kiti. Mtaa wa Lower Hill, uliopakana na katikati ya jiji na ambao wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi, uliwekwa kwenye ramani ya kubomolewa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 watu wapatao 8,000 na biashara zipatazo 400 ziliondolewa ili kupisha ukumbi mkubwa wa michezo na burudani, Civic Arena, uliofunguliwa mwaka 1961. Nyumba mpya zilizoahidiwa hazikuja kwa kiwango kilichosemwa, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ikawa maegesho ya magari kwa miongo kadhaa. Mamlaka ile ile ya kutwaa ardhi iliyosifiwa kwenye Gateway Center ndiyo iliyotumika hapa, na wenye biashara 400 walikuwa wafanyabiashara pia, ingawa hakuna aliyewahesabu hivyo.

Mellon alifariki mwaka 1970, mwaka ambao meya mpya, Pete Flaherty, aliingia madarakani akiwa ameshinda kwa kujitangaza kwamba si mtu wa yeyote, na akakaa mbali na baraza la matajiri kwa miaka yake yote. Richard Caliguiri, aliyemfuata mwaka 1977, aliurudisha uhusiano huo, na matunda yake yakawa minara ya vioo katikati ya jiji, likiwemo jengo la kampuni ya vioo ya PPG, pamoja na reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1985. Aliyetazama anga la Pittsburgh mwaka huo angedhani jiji limo katika neema.

Kumbe mabondeni mambo yalikuwa yameharibika. Viwanda vya chuma vya Monongahela vilikuwa vimezeeka, mitambo yake mingi ikiwa ya kabla ya vita, huku Japani na nchi za Ulaya zikitumia mitambo mipya, na ndani ya Marekani kwenyewe vikichipuka viwanda vidogo vilivyoyeyusha chuma chakavu kwa umeme na kuuza kwa bei ya chini. Riba kubwa zilizowekwa na benki kuu ya Marekani kupambana na mfumuko wa bei ziliua mahitaji ya magari na majengo, na wakati huohuo zikaipandisha dola kiasi cha kuifanya bidhaa ya nje iwe rahisi zaidi. Mwanzoni mwa 1983 ukosefu wa ajira katika eneo la Pittsburgh ulivuka asilimia 17, na kwa jumla eneo hilo lilipoteza ajira za viwandani zaidi ya 100,000 katika muda wa miaka michache. Kiwanda cha Duquesne kilizima tanuru lake kubwa mwaka 1984, na kile cha Homestead, ambacho chuma chake kilijenga madaraja na manowari, kilifungwa mwaka 1986.

Wenye kiwanda, tofauti na Mellon wa zamani, walikuwa na mahali pa kwenda. U.S. Steel, kampuni iliyokuwa ikimiliki matanuru mengi ya bonde hilo, ilinunua kampuni ya mafuta ya Marathon mwaka 1982 kwa takriban dola bilioni 6, fedha ambazo kwa macho ya wafanyakazi zingetosha kuwapatia mitambo mipya, na ambazo kwa macho ya wanahisa zilikuwa zimeokolewa kutoka biashara inayokufa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwaka 1984 kampuni ya Gulf, moja ya nguzo za ukoo wa Mellon, ilinunuliwa na kampuni ya California ambayo leo inaitwa Chevron, na makao yake makuu ya Pittsburgh yakafungwa.

Kwa serikali ndogo za mitaa hali ilikuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kwa jiji lenyewe. Kaunti ya Allegheny imegawanyika katika serikali za mitaa 130, kila moja ikiwa na bajeti yake, polisi wake na kodi yake ya majengo, na mji mdogo kama Clairton au Homestead ulitegemea kiwanda kimoja kwa sehemu kubwa ya mapato yake. Kiwanda kilipofungwa, kodi yake ilikatika na kodi za waliofukuzwa kazi zikafuata, wakati mahitaji ya msaada yakiongezeka. Clairton ilifikia mwaka 1985 kuwaachisha kazi polisi na zimamoto wake, ulinzi ukabaki mikononi mwa polisi wa jimbo. Miaka miwili baadaye bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria inayojulikana kama Sheria ya 47, ambayo inaruhusu serikali ya mtaa iliyoelemewa na madeni kutangazwa kuwa taabani kifedha na kupewa mratibu wa kuisimamia.

Jibu la viongozi wakubwa lilitolewa Juni 1985 kwa jina la Mkakati wa 21, waraka wa kuiomba serikali ya jimbo dola milioni 425 kwa ajili ya kuugeuza uchumi wa eneo hilo uache chuma na ushike elimu, tiba na teknolojia. Waliouweka mezani walikuwa wanne: jiji la Pittsburgh, Kaunti ya Allegheny, Chuo Kikuu cha Pittsburgh na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakiungwa mkono na Allegheny Conference. Kwa kipimo chake wenyewe mpango huo ulifaulu. Jengo jipya la uwanja wa ndege lilifunguliwa mwaka 1992, eneo la kiwanda cha zamani cha Jones & Laughlin kando ya mto likawa kitovu cha maabara, na Carnegie Mellon, iliyokuwa imekwisha kupata taasisi ya uhandisi wa programu za kompyuta ya Wizara ya Ulinzi mwaka 1984, ikaendelea kukua hadi kuwa chimbuko la kampuni za roboti.

Miji ya bondeni haikuwa miongoni mwa wale wanne, wala chama cha wafanyakazi wa chuma. Baadhi ya miji hiyo iliunda chombo chake yenyewe mwaka 1986, Steel Valley Authority, yaani mamlaka ya pamoja ya miji ya bonde la chuma, ambayo Pittsburgh pia ilijiunga nayo, na ambayo kisheria ilipewa mamlaka ya kutwaa mali, ikiwemo kiwanda ambacho mwenyewe anataka kukifunga. Ni uwezo ule ule wa kutwaa mali aliokuwa ameutumia Lawrence. Tofauti ni kwamba Lawrence alikuwa na Equitable nyuma yake, wakati bondeni hapakuwa na benki iliyo tayari kulipa fidia ya kiwanda wala kukipatia mtaji wa kukiendesha. Jaribio mashuhuri zaidi la harakati hizo lilikuwa la kuokoa tanuru la Duquesne, lililoitwa Dorothy Six kwa jina la mke wa rais mmoja wa kampuni. Mwaka 1986 uchunguzi wa benki ya uwekezaji ya Lazard Frères ulihitimisha kwamba kulifufua hakutalipa, na miaka miwili baadaye likaangushwa. Inawezekana Lazard walikuwa sahihi. Ila mpango wa vyuo vikuu haukuwahi kupimwa kwa mizani kali kama hiyo kabla ya kuombewa fedha za umma, na kutofautiana huko kwa mizani kunasema mengi kuhusu waliokuwa mezani.

Hasira ya waliokosa kiti ilichukua sura za ajabu. Kundi la wachungaji na wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wakiituhumu Mellon Bank kuzikopesha kampuni za chuma za nje huku ikivinyima viwanda vya nyumbani, walikodi visanduku vya kuhifadhia mali katika matawi ya benki hiyo na kuweka ndani yake samaki waliokufa. Mchungaji mmoja wa Clairton alikataa amri ya mahakama ya kuacha kanisa lake na akafungwa jela. Kwa sera, vitendo hivyo havikuzaa chochote.

Miaka ya 1990 ilileta mapatano ya aina nyingine, ambayo pengine ndiyo ya haki zaidi katika historia hii yote. Wakazi wa vitongoji walikuwa wakitumia maktaba, bustani na makumbusho ya jiji bila kuyachangia, ilhali jiji lilikuwa likipungukiwa watu: kutoka 676,806 mwaka 1950 hadi 369,879 mwaka 1990. Kwa msukumo wa baraza la wafanyabiashara pamoja na viongozi wa jiji na kaunti, sheria ya jimbo ya mwaka 1993 iliongeza asilimia moja ya kodi ya mauzo katika kaunti nzima, nusu ya mapato yake ikienda kwenye mfuko wa pamoja wa huduma hizo, robo kwa kaunti na robo kwa serikali za mitaa zilizomo. Kwa mara ya kwanza tajiri wa kitongoji na fukara wa bondeni walikuwa ndani ya hesabu moja. Viongozi hao hao walipojaribu mwaka 1997 kuongeza nusu asilimia nyingine katika kaunti 11, fedha ambazo zingegharimia miongoni mwa mambo mengine viwanja vipya vya besiboli na kandanda ya Kimarekani, wapigakura waliikataa hoja hiyo kwenye kura ya maoni. Viwanja vilijengwa hata hivyo, kwa mpango mbadala uliochota kwenye mfuko ule ule wa pamoja, na vyote viwili vikafunguliwa mwaka 2001.

Jiji lenyewe lilitangazwa kuwa taabani chini ya Sheria ya 47 Desemba 2003, na likabaki humo hadi Februari 2018. Kejeli ya hali hiyo ni kwamba uchumi ulioliokoa ndio uliolidhoofisha kimapato, kwa sababu hospitali na vyuo vikuu husajiliwa kama taasisi zisizolenga faida na hazilipi kodi ya majengo. UPMC, mtandao wa hospitali unaohusiana na Chuo Kikuu cha Pittsburgh na ambao ni mwajiri mkubwa kuliko wote katika eneo hilo, ulipandisha herufi zake mwaka 2008 juu ya mnara uliojengwa na U.S. Steel. Michango ya hiari iliombwa, ikatolewa kwa miaka michache, ikapungua. Mwaka 2013 meya Luke Ravenstahl aliishtaki UPMC akipinga msamaha wake wa kodi, na mrithi wake akaiondoa kesi mwaka uliofuata kwa matumaini ya mazungumzo. Taasisi hizi, kama Mellon, haziwezi kuhama, lakini tofauti na Mellon hazidaiwi kodi, na kwa hiyo jiji halina cha kubadilishana nazo.

Bondeni bado kuna chuma. Kiwanda cha Edgar Thomson mjini Braddock kimekuwa kikifanya kazi tangu 1875, na mitambo ya Clairton bado inaoka makaa ya mawe kuwa koki, nishati inayolisha matanuru. Kampuni ya Japani ya Nippon Steel ilipotangaza Desemba 2023 nia ya kuinunua U.S. Steel, uongozi wa kitaifa wa chama cha wafanyakazi ulipinga na marais wawili wa Marekani kwa nyakati tofauti wakapinga, lakini mameya wa miji ya bondeni, akiwemo wa Clairton, pamoja na baadhi ya wafanyakazi wa viwanda hivyo, waliunga mkono hadharani, kwa hoja kwamba mwenye mtaji wa kuifanya upya mitambo ni bora kuliko mwenye bendera asiye na mtaji. Mauzo yalikamilika Juni 2025 kwa dola bilioni 14.9, yakiwa na sharti lisilo la kawaida: serikali ya Marekani inashikilia hisa maalumu inayompa rais wa nchi uwezo wa kuzuia makao makuu ya kampuni yasihamishwe kutoka Pittsburgh.